Ndege wa Bahari Katika Bonde la Ufa

Trekta zinapogeuza udongo Njoro, mwezi wa Machi, ndege weupe huzifuata nyuma. Wengi wao ni yangeyange, wanaotembea juu ya matuta wakiokota funza na minyoo, na kwa sababu hiyo kila ndege mweupe anayeonekana shambani huitwa yangeyange basi. Lakini ukisimama kando ya shamba kwenye barabara ya kwenda Egerton na kuinua macho kidogo, siku nyingine utamwona mmoja ambaye hatui kabisa. Mabawa yake ni marefu na yamechongoka, mdomo wake ni mweusi na mnene. Anaruka polepole akiukabili upepo, anashuka ghafla, anamnyakua panzi juu ya nyasi, anapaa tena. Huyo ni buabua, wa ukoo mmoja na wale wanaopiga mbizi katika mawimbi ya Watamu na Kiunga, naye yuko hapa, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo wazee wengi wamezaliwa na kuzeeka bila kuiona bahari yenyewe.

Nimesikia mara nyingi kwamba anayetaka kuwajua ndege wa bahari sharti ateremke Mombasa. Sikubaliani na maneno hayo. Wataalamu wanapoorodhesha ndege wa bahari, huwaweka pamoja shakwe, buabua, minandi na wari, na koo zote hizo nne ziko katika maziwa yetu ya Bonde la Ufa. Nasema tena kwamba ziwani ndipo mahali pema pa kuanzia, kwa kuwa maji yake ni matulivu asubuhi, ndege wako karibu, na kila ukoo una aina mbili tatu tu za kulinganisha. Ndiyo maana siku moja mwishoni mwa Machi nilimchukua mpwa wangu, mwanafunzi wa Egerton anayependa viumbe kuliko usingizi, tukashika matatu ya kwanza kwenda Nakuru, na kutoka hapo nyingine ya kwenda Naivasha.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusiende Ziwa Nakuru, ambalo ni jirani. Mto wetu wa Njoro, unaotoka katika msitu wa Mau Mashariki, humwaga maji yake humo humo. Lakini Ziwa Nakuru limo ndani ya hifadhi ya taifa, na ndege wake kwa kawaida hutazamwa kutoka garini au ukingoni. Mimi nilitaka kukaa majini pamoja nao, niwe chini yao wanaporuka, nione tumbo la bawa, maana kwa ndege hawa siri kubwa imeandikwa huko chini ya bawa.

Barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Nairobi hupita Lanet na Mbaruk, kisha Ziwa Elementaita hujitokeza mkono wa kulia. Alfajiri ile lilikuwa na rangi ya bati. Kando yake kulikuwa na mstari mwembamba wa heroe, na mpwa wangu alitaka tushuke. Nilimkataza. Heroe wana wapenzi wengi tayari, na wameandikiwa vitabu. Leslie Brown, ofisa wa kilimo wa enzi za ukoloni, karibu apoteze miguu yake katika magadi ya Ziwa Natron mwaka 1954 akitafuta mahali wanapozalia. Siku yetu ilikuwa ya ndege wasio na wapenzi. Tulipita Gilgil, tukateremka Naivasha, tukapanda gari jingine la barabara ya kusini mwa ziwa, kati ya mashamba ya maua na migunga ya manjano, hadi ufuo wa wavuvi wa Kamere.

Kamere asubuhi ni soko. Mitumbwi na boti za wavuvi zinaingia, akina mama wanasubiri na beseni, samaki wanaparwa magamba na kupasuliwa juu ya meza za mbao, na matumbo yanatupwa majini. Hapo hapo, kabla hata ya kuafikiana bei na nahodha, tuliwakuta shakwe wetu wa kwanza. Walikuwa kundi, wanagombana juu ya utumbo wa kambare kwa kelele kali zinazokwaruza.

"Mzee, mnataka viboko au kisiwa cha Crescent?" nahodha aliniuliza, kwa kuwa hayo mawili ndiyo yanayotafutwa na wageni.

"Tunataka hawa," nilimjibu, nikiwaonyesha kwa kidole.

Aliwatazama, akanitazama mimi. "Hawa wala matumbo?"

"Hao hao. Na ndugu zao wote walio humu ziwani."

Alifikiri kidogo, akasema: "Basi kijana akae mbele, wewe mzee ukae katikati. Nitaenda polepole. Hawa hawaogopi boti, wanaogopa kishindo." Nikajua tumempata mtu wetu. Alikuwa amevua samaki miaka mingi kabla ya kuanza kubeba wageni, na mvuvi huwajua ndege kwa tabia zao kabla ya kuwajua kwa majina.

Tulivaa jaketi za kuokolea maisha, akasukuma boti kwa mti mrefu hadi tukayapita magugu maji, ndipo akawasha injini.

Nieleze hapa jinsi ya kutazama, kwa sababu wengi huanza mwisho wakaishia kuchanganyikiwa. Mtu akiona ndege hukimbilia rangi, nayo rangi ndiyo hudanganya kuliko kitu kingine chochote. Shakwe huyo huyo mmoja ana vazi la utoto, vazi la ujana, vazi la kuzalia na vazi la kawaida. Jua likiwa nyuma yake huwa mweusi, likiwa mbele yake huwa mweupe. Kwa hiyo anza na umbo na ukubwa. Kisha tazama anavyoruka, kama anapiga mabawa mazito na ya taratibu, au mepesi ya kurukaruka. Kisha tazama anavyokula, maana kuna anayezama, anayedonoa juu ya maji, na anayepora. Baada ya hapo shika mdomo na miguu. Rangi ya manyoya iwe ya mwisho, nayo uitazame pale ilipo: kwenye kichwa, kiuno, ncha ya bawa.

Darubini nayo ina adabu yake. Botini, ile inayokuza mara nane inafaa kuliko ya mara kumi, kwa sababu kila tikisiko la maji hukuzwa pamoja na ndege. Mwone ndege kwanza kwa macho yako, kisha uinue darubini mpaka machoni bila kumwachia. Ukishusha macho kuitafuta darubini, amekwenda. Na kitabu kibaki kimefungwa mpaka uwe umeandika ulichokiona. Mpwa wangu alikuwa na kile cha Stevenson na Fanshawe cha ndege wa Afrika Mashariki, na nilimkalisha juu yake ili asikifungue mapema.

"Sema unachoona," nilimwambia.

"Shakwe, Mjomba. Ukubwa wa wastani. Kichwa cha kijivu. Mdomo mwekundu, miguu miekundu."

"Jicho?"

"Jicho ni jeupe! Jeupe kabisa, na limezungukwa na wekundu."

"Bawa?"

Alisubiri mpaka ndege ageuke. "Ncha nyeusi, na madoa meupe ndani ya weusi. Chini ya bawa ni kijivu cha moshi."

Huyo ni shakwe kichwa-kijivu, mwenyeji wa maziwa ya Afrika, ambaye pia yuko Amerika Kusini. Ndiye anayeonekana zaidi Naivasha na Nakuru. Kichwa chake cha kijivu huonekana vizuri anapokuwa katika vazi la kuzalia, lakini siku nyingine hufifia hadi kikabaki kivuli tu. Hapo ndipo huchanganywa na binamu yake wa Ulaya na Asia, shakwe kichwa-cheusi, ambaye huja kwetu kati ya Novemba na Machi akiwa ameacha weusi wa kichwa kwao na kubakiwa na doa jeusi nyuma ya jicho. Jicho la mgeni huyu ni la giza. Hata hivyo, usilitegemee jicho pekee, kwani kinda la mwenyeji nalo lina jicho la giza na doa kichwani. Bawa ndilo linaloamua. Mgeni ana kabari nyeupe inayong'aa ukingoni mwa mbele wa bawa, kutoka kifundo cha bawa hadi karibu na ncha. Mwenyeji hana, ncha yake ni nyeusi. Kabari ile huonekana hata ndege akiwa mbali sana, na ukishaijua utawatenganisha hawa wawili bila kuiona sura.

Asubuhi ile wageni walikuwa wamekwisha kuanza safari ya kurudi kaskazini. Tulimpata mmoja tu, ameketi juu ya nguzo ya ua uliozamishwa na maji, na alipoinuka kabari yake nyeupe ilimulika. Mpwa wangu alipiga kelele ya furaha iliyomfanya nahodha apunguze injini akidhani kijana amedondoka.

Nguzo ile ya ua ina habari yake. Naivasha haina mto unaotoka. Maji huingia kwa Malewa, Gilgil na Karati na kupotelea chini ya ardhi, jambo linalolifanya ziwa liwe la maji baridi wakati maziwa jirani ni ya magadi. Kina hupanda na kushuka kwa miaka. Tangu takriban 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda, na mwaka 2020 yalifurika vibaya, yakameza nyumba, mashamba na barabara, hapa na Nakuru na Baringo. Watu wengi walihama na mpaka leo wapo ambao hawajarudi. Migunga mikubwa ya manjano ilisimama majini ikafa, na sasa imesimama mikavu, myeupe, mbali na ukingo. Hasara ya watu ni kubwa na siisemi kwa wepesi. Lakini macho ya mtazamaji ndege hayawezi kuacha kuona kwamba mti mkavu uliozungukwa na maji ni ngome. Hakuna nyani wala nyoka anayefika kwa urahisi. Minandi wameitwaa.

Nahodha alizima injini tukaelea katikati ya miti hiyo. Harufu ya samaki na mbolea ilitufikia kabla ya sauti. Matawi yalikuwa meupe kwa kinyesi, na juu yake walikaa minandi wa aina mbili. Mkubwa ana koo na kifua cheupe, shingo nene, na urefu unaokaribia mita moja. Mdogo ni nusu yake, mkia wake ni mrefu na jicho lake jekundu kama kaa la moto. Wote wawili wana mdomo uliopinda ncha kama ndoana. Wote wawili walikuwa wamekunjua mabawa na kuyaanika juani, na hiyo ina sababu yake. Manyoya yao hulowa upande wa nje, tofauti na ya bata, na kulowa huko huwapunguzia kuelea, hivyo huzama kwa urahisi wakimfukuza samaki. Gharama yake ni kuanika mabawa baada ya kila uvuvi.

Kwenye tawi la chini kabisa alikaa mwingine, ambaye mpwa wangu alimwita mnandi mkubwa mpaka nilipomwambia atazame mdomo. Ulikuwa umenyooka, mwembamba, bila ndoana. Shingo yake ilikuwa na kikunjo katikati. Huyo ni mbizi. Mnandi humbana samaki kwa mdomo, mbizi humchoma. Alipojitupa majini hakuonekana mwili, shingo tu ilikata maji ikienda, na hapo nahodha akasema neno nililolipenda: "Huyu sisi tulikuwa tukimfuata. Akizama mara nyingi mahali pamoja, weka wavu."

Nilimuuliza kama shakwe nao huwaonyesha wavuvi samaki. Alitikisa kichwa. "Shakwe humfuata mvuvi. Mvuvi humfuata mbizi na mwari."

Tulitoka kwenye miti tukaelekea maji ya wazi. Upande wa kusini moshi wa mvuke wa Olkaria ulikuwa umesimama wima, dalili kwamba upepo haujaamka. Mbele yetu mlima Longonot. Mwishoni mwa miaka ya 1930 na katika miaka ya 1940 ndege za abiria zinazotua majini, zilizokuwa zikisafiri kati ya Uingereza na Afrika Kusini, zilitua katika maji haya haya, na abiria wa Nairobi wakamalizia safari kwa barabara. Ni jambo ninalolikumbuka kila ninapomwona mwari akishuka: miguu mbele, mabawa wazi, povu pande mbili.

Na buabua? Tuliwapata karibu na kingo za mafunjo, wengi kuliko nilivyotarajia. Hapa naomba msomaji awe na subira, maana kwangu mimi ndio kiini cha safari nzima.

Buabua wa bahari, kama wale wanaozalia visiwa vya Kiunga na kisiwa kidogo kilicho mbele ya Watamu katika miezi ya kipupwe na baada yake, hujirusha majini kichwa mbele. Wengi wao wana mikia iliyogawanyika ncha mbili ndefu. Buabua wa maji baridi ni wadogo, mikia yao haina mkato mrefu, na kwa kawaida hawajirushi majini. Hupepea juu ya maji, wanageuka, wanainama na kudonoa mdudu bila kulowa kifua. Ukiona uvuvi huo tu, kabla ya rangi yoyote, umekwisha kujua uko katika ukoo mdogo upi.

Ndani ya ukoo huo Naivasha ina wawili. Wa kwanza ni mwenyeji: buabua wa mashavu meupe. Mvua ikinyesha vizuri huzaa kwetu, akijenga kiota juu ya mimea inayoelea. Akiwa tayari kuzaa huwa na kofia nyeusi, shavu jeupe, na tumbo la kijivu kizito. Wa pili ni buabua mabawa-meupe, anayezalia mabwawa ya Ulaya Mashariki na kuendelea hadi Uchina, akaja kwetu kwa maelfu kukaa miezi ya baridi ya huko. Kwa sehemu kubwa ya kukaa kwake hapa huwa na vazi la kijivu na jeupe lisilo na fahari, na wengi hushindwa kumtofautisha na mwenzake. Dalili ziko mbili. Nyuma ya jicho ana doa jeusi linaloning'inia chini ya usawa wa jicho. Na kiuno chake ni cheupe, kikitenganisha mgongo wa kijivu na mkia, wakati mwenyeji ni kijivu kimoja kutoka mgongo hadi mkia.

Lakini mwisho wa Machi kuna zawadi. Mabawa-meupe huanza kubadili vazi kabla ya kuondoka, na mwili wote hugeuka mweusi, tumbo, kichwa, hata manyoya ya chini ya bawa, huku upande wa juu wa bawa ukibaki mweupe unaong'aa. Siku ile kundi zima lilikuwa katikati ya mabadiliko hayo. Wengine walikuwa na madoa meusi kifuani, wengine nusu kwa nusu, na wachache walikuwa wamekamilika: weusi wa makaa na mabawa ya theluji. Walipita juu ya vichwa vyetu wakigeuka pamoja, na kwa kuwa tulikuwa chini yao tuliona weusi wa kwapa. Mpwa wangu aliacha kuandika. Nami nilimwacha aache. Ndege hao, wenye uzito usiofika hata nusu ya robo kilo, wangekuwa juu ya mabwawa ya Urusi kabla ya mahindi ya Njoro kufika magotini.

"Hawa huwa wanapotea," nahodha alisema. "Mwezi wa tano huwaoni. Nilidhani wanakufa."

Nilimweleza wanakokwenda. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama huko nako kuna wavuvi. Nikamwambia wapo.

Shakwe nao wana wasafiri wao. Tulimwona mmoja mkubwa kuliko wote, mgongo wa giza, miguu ya manjano, akielea peke yake mbali na kelele za wadogo. Watafiti wa Ufini wamewafunga ndege wa aina hii vifaa vya setilaiti na kuwafuatilia hadi Ziwa Viktoria. Pwani naye yupo, pamoja na shakwe wa huko mwenye kofia ya kahawia na mdomo wenye pete nyeusi na ncha nyekundu, ambaye kwetu haji. Kwa hiyo kijana wa Njoro aliyejifunza hawa watatu wa Naivasha, akifika siku moja kwenye mdomo wa mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, ambako shakwe na buabua hupumzika kwa makundi makubwa yaliyochanganyika, atakuwa na mahali pa kuanzia. Atamtambua anayemjua, na yule asiyemjua atamlinganisha na anayemjua.

Wapo wanaoshangaa ndege wa bahari wanaishije juu ya magadi ya Elementaita na Nakuru, maji ambayo ng'ombe hawezi kuyanywa. Jibu limo kichwani mwao. Juu ya macho wana tezi zinazochuja chumvi kutoka kwenye damu na kuitoa puani kama matone. Tezi hizo zinazowawezesha kunywa maji ya bahari ndizo zinazowasaidia kuvumilia magadi.

Saa nne ilipokaribia hewa ilipata joto, na wari wakaanza kuinuka. Hawa ni wazito mno kusafiri kwa kupiga mabawa tu. Husubiri hewa ya moto inayopanda, wakazunguka ndani yake mpaka wawe nukta. Tofauti ya aina mbili inaonekana vizuri wakiwa juu hivyo. Mwari mweupe ana nusu ya nyuma ya bawa nyeusi kabisa na nusu ya mbele nyeupe. Mwenzake, mwenye mgongo wa waridi, ni mdogo, wa kijivu, na bawa lake halina mpaka mkali. Huyu wa pili hujenga mitini. Mweupe huzaa ardhini, na visiwa vya mawe vya Elementaita vimekuwa mahali pake pakuu pa kuzalia, sababu mojawapo ya UNESCO kuyaingiza maziwa ya Bogoria, Nakuru na Elementaita katika urithi wa dunia mwaka 2011. Elementaita penyewe hapana samaki wa kuwatosha. Wazazi huruka hadi Nakuru kuvua, na samaki waliowavuta huko kwanza walipelekwa na binadamu: kisamaki cha Ziwa Magadi, kilichopandikizwa Nakuru tangu miaka ya 1950 ili kile viluwiluwi vya mbu. Wari walikigundua wakaja kwa maelfu.

Mambo ya kupandikiza hayakwenda vizuri hivyo kila mahali. Kamba wa maji baridi kutoka Louisiana alitiwa Naivasha mwaka 1970 kwa ajili ya biashara. Alikula mimea ya chini ya maji na mayungiyungi ya buluu yaliyokuwa yakifunika ghuba za ziwa hili, na kukuziwa waliotegemea mimea hiyo wakapungua. Kila ninapoona maji matupu pale ambapo wazee wanasimulia maua, naumia.

Jambo jingine halikunipendeza. Boti nyingi za wageni huwa na samaki wa kumtupia furukombe, tai mla samaki, nahodha akipiga mluzi ili ndege ashuke na wageni wapige picha. Nahodha wetu aliuliza kama tunataka. Nilimwambia: "Ndugu yangu, muache atafute mwenyewe." Hakubisha; alisema wageni ndio wanaodai. Naamini hivyo. Lakini ndege aliyezoea mluzi anaacha kuwa tai, anakuwa kitu cha maonyesho, na wageni wanaondoka bila kujua furukombe huvua vipi. Sisi tulisubiri. Hatukumwona akivua, ila tulimsikia akiita kutoka kilele cha mgunga, kichwa kimerushwa nyuma, na yule wa ng'ambo akamjibu.

Upepo wa mchana uliamka, mawimbi yakaanza kupiga ubavu wa boti, nasi tukarudi. Njiani nilimwomba nahodha apite mbali na mimea inayoelea karibu na mafunjo, kwa sababu viota vya buabua vimelala juu ya maji na wimbi moja la boti hutosha kuvipindua. Hakuwa amewahi kuambiwa. Alisema atawaambia wenzake, na sina sababu ya kumtilia shaka.

Sasa niseme na watu wa kwetu. Mto Njoro zamani ulitiririka mwaka mzima. Msitu wa Mau Mashariki ulipokatwa, na hasa baada ya Serikali mwaka 2001 kuiondoa sehemu kubwa ya msitu huo katika orodha ya hifadhi, mto ukawa wa msimu: wakati wa mvua ni tope, wakati wa kiangazi ni mawe. Plastiki tunayotupa kwenye daraja letu haikai Njoro. Inashuka Ziwa Nakuru, kwa shakwe na wari hao hao. Mwenye shamba kando ya mto aache ukanda wa miti na nyasi. Mwenye duka asitupe taka mtoni. Walimu wa shule zetu wawapeleke watoto ziwani, na wawape majina ya ndege pamoja na majina ya miji mikuu ya Ulaya.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndege wa maji wa maziwa haya huhesabiwa kila Januari, na kazi hiyo hufanywa na Makumbusho ya Taifa, Shirika la Wanyamapori na Nature Kenya wakisaidiwa na watu wa kujitolea. Hesabu hizo ndizo zinazoonyesha ndege gani wanapungua na ziwa gani linaugua, na haziwezi kufanyika bila macho ya watu wanaojua kumtenganisha buabua na yangeyange. Anayetaka kujifunza aanze Novemba, wageni wanapofika, na asichelewe kupita mwanzo wa Aprili. Aende mapema, awe majini kabla ya saa nne, jua liwe mgongoni mwake, na amwombe nahodha azime injini.